Kuku wa Watu Wawili

Kule kwao alikuwa Fundi, na jina hilo lilikuwa na uzito wake. Ukiwa na kochi lililobonyea mpaka ukikaa magoti yanakufika kidevuni, ulimtafuta yeye. Alikuja, akabonyeza sponji kwa kiganja mara moja, akaguna, na mguno huo peke yake ulitosha kukufanya ukubali bei ambayo hata hajaitaja. Kisha mkewe akapata kazi ughaibuni, wakapanda ndege, na uzito wa jina ukabaki uwanja wa ndege pamoja na sanduku la vifaa lililozidi kilo. Watu wa kwao waliotangulia huko walimjua mkewe kwanza, basi wote, wake kwa waume, wakamwita Shemeji. Ilifika mahali hata watoto wao wadogo walimwita Shemeji, na yeye akaitika, angefanyaje. Mkewe tu ndiye aliyeendelea kumwita Fundi, hasa sinki likiziba.

Walipanga vyumba viwili ghorofa ya tatu, dirisha la jikoni likitazama mgongo wa duka kubwa, pale wanapotupa maboksi. Mkewe alifanya kazi kwenye nyumba ya kulea wazee, zamu ya asubuhi, akitoka kabla hata taa za barabarani hazijazimwa. Fundi aliajiriwa kwenye kiwanda cha kufua mashuka ya mahoteli, zamu ya mchana hadi usiku, kazi yake ikiwa kushika pembe mbili za shuka, mwenzake akashika mbili nyingine, wakaliingiza kwenye rola la pasi, kisha shuka jingine, kisha jingine, mpaka mtu unaanza kuwachukia wote waliowahi kulala hotelini.

Siku zao za mapumziko nazo hazikukutana, kwa hiyo ndoa yao iliendeshwa kwenye zulia la mlangoni. Mmoja anavua viatu, mwingine anavaa.

"Kuna nini leo?"

"Dengu."

"Umekumbuka chumvi?"

"Onja."

"Haya, ufike salama."

Basi. Hayo ndiyo yalikuwa mahaba ya siku nzima. Usiku Fundi akirudi alimkuta mkewe amelala fofofo, na alfajiri mkewe akiondoka alimwacha anakoroma. Kitanda kilikuwa kimoja, lakini kilitumika kama kiti cha basi: huyu anashuka, huyu anapanda.

Mapishi yalikuwa juu ya Fundi, kwa sababu asubuhi yake ilikuwa tupu. Hakuwahi kupika kwao. Kwao alikuwa mtu wa kunawa mikono na kuuliza chakula kiko tayari au bado. Ughaibuni jiko lilikuwa la umeme, la plati mbili, moja ilikufa kabla hawajahamia na mwenye nyumba akawaambia ile iliyo hai ni nzuri sana. Juu ya dari kulikuwa na king'ora cha moshi chenye roho ya kichokozi: ukikaanga kitunguu kikaanza tu kubadilika rangi, kinapiga kelele jengo zima. Kwa plati moja na king'ora hicho, Fundi alijifunza mapishi ya kinyenyekevu. Kila kitu kiliingia sufuria moja na kufunikwa. Mchele, karoti, mayai yamevunjiwa juu dakika za mwisho. Maharage ya kopo, nyanya ya kopo, na kabichi iliyokatwa kwa mkasi, kwa sababu mkasi aliuzoea kuliko kisu. Akipungukiwa mawazo, alichemsha viazi na kuviponda kwa kitako cha chupa. Kitunguu alikipika kwa maji, jambo lililomfanya mama yake mzazi, alipoambiwa kwa simu, aulize kama huko wana shida ya mafuta.

Sikukuu nazo walisherehekea kwa mafungu. Siku ya kuzaliwa ya Fundi, mkewe alinunua keki ndogo, akala nusu yake mchana, nusu akaifunika kwa sahani. Fundi aliila usiku, amesimama, koti mwilini, akamwimbia nafsi yake kimoyomoyo asije akamwamsha mtu. Siku ya mwaka mpya iliwakuta mmoja anabadilisha shuka za mzee na mwingine anazipiga pasi shuka za watu wengine.

Wakaapa kwamba siku ya kutimiza miaka ya ndoa haitapita hivyo. Iliangukia Jumamosi. Wote wawili waliomba ruhusa mapema, wakapewa, na ile Jumamosi ikawa inatajwa pale mlangoni kama mgeni mheshimiwa anayekuja.

Jumanne ya wiki hiyo mkewe akavua kiatu kimoja, akabaki amekishika.

"Fundi, nimepewa nafasi."

"Nafasi gani?"

"Usimamizi wa zamu. Lakini siyo hapa. Tawi lao la mji mwingine, mwendo wa saa tatu kwa treni."

"Umewajibu nini?"

"Wanataka jibu Jumatatu."

"Sijauliza wanataka lini. Umewajibu nini?"

"Utachelewa kazini," mkewe akasema, akavua na kile cha pili. "Tutaongea Jumamosi. Tukae chini, tule, tuongee kama watu."

Fundi alikwenda kazini akiyarudia maneno hayo kichwani. Mashuka yalipita mikononi mwake siku hiyo hata moja hakuliona. Tatizo halikuwa ule mji. Tatizo ni kwamba safari ya kwanza, ile ya kuja ughaibuni, aliulizwa tiketi zikiwa zimeshakatwa. Alikubali, akauza cherehani yake nzito na meza ya kukatia, akacheka na watu, lakini moyoni alijua hakuulizwa, aliarifiwa kwa sauti ya kuuliza. Mara hii alitaka kuulizwa kweli. Akiulizwa atasema nini, hilo hakuwa amelijua bado, lakini alitaka liwe swali, na lije kabla ya Jumatatu. Nafasi ya kuulizwa ilikuwa moja: Jumamosi.

Sasa tazama alichofanya.

Jumatano, msimamizi wake kazini, mama mnene mwenye miwani ya kamba ambaye Fundi alimbatiza Mama Mashuka, alimuuliza Jumamosi anakwenda wapi.

"Siendi popote," Fundi akasema. "Tunatimiza miaka ya ndoa. Nitapika kuku. Karibu."

Kule kwao neno hilo halina madhara. Unamwambia yeyote aliyekukuta na chakula au aliyekusikia unataja chakula, naye anashika tumbo anasema asante, nimeshiba, siku nyingine, na kila mtu anakwenda zake akijua kalelewa vizuri. Wala hakuna anayepika zaidi kwa sababu hiyo. Fundi alilisema kwa lugha ya wenyeji, na kwa bahati mbaya siku hiyo hakukosea hata kidogo. Mama Mashuka akatoa simu mfukoni.

"Saa ngapi?"

Fundi hakuwahi kuulizwa swali hilo maishani. Akababaika, akasema saa kumi na mbili jioni.

Mtu mwingine angejifunza. Alhamisi, kwenye ngazi, alikutana na jirani wa ghorofa ya chini yao, mzee mjane aliyestaafu udereva wa mabasi. Mzee akasema amesikia harufu nzuri, wanapika nini huko juu. Na mdomo wa Fundi, ambao una malezi kuliko akili, ukasema dengu, na Jumamosi kuku, karibu. Mzee akavua kofia, akashukuru, akauliza saa ngapi.

Mkewe hakuambiwa. Fundi alijitia hamnazo. Alijiambia wale ni watu wazima wenye mambo yao, watasahau.

Jumamosi alimwosha kuku, akamkamulia ndimu, akampaka chumvi na kitunguu saumu kilichopondwa, akamlaza kwenye trei juu ya viazi, tayari kuingizwa jioni kwenye oveni iliyo chini ya plati. Huyo ni kuku wa mtu mvivu. Hahitaji kugeuzwa wala kubembelezwa, mafuta yake mwenyewe yanaivisha viazi. Mkewe aliamka saa nne, jambo lisilowahi kutokea, akakaa jikoni na kikombe cha chai akimtazama mumewe anavyokata kabichi kwa mkasi.

"Kumbe ndivyo unavyoikata."

"Ulidhani naikataje?"

"Sikuwahi kufikiria. Huwa naikuta imekatwa."

Jioni alivaa gauni lenye mikono mirefu alilonunua kwa ajili ya siku hiyo. Fundi alivaa shati la harusi, ambalo vifungo vyake vya tumboni sasa vilikuwa vinafanya kazi ya ziada. Meza ilikuwa na sahani mbili. Mkewe akavuta kiti, akaweka viwiko mezani.

"Haya. Kuhusu ile nafasi."

Mlango ukagongwa.

Ilikuwa saa kumi na mbili kamili, kwa sababu wenyeji wa huko wana ugonjwa wa saa. Mama Mashuka alisimama mlangoni amepaka rangi ya mdomo, na maua mkononi. Nyuma yake, mzee wa chini, suti ya kahawia, chupa ya juisi ya zabibu kwapani na kiti cha kukunja begani.

"Nimekuja na kiti," mzee akasema. "Huwa nasikia vinavyokwaruza sakafu ni viwili tu."

Mkewe akawapokea kwa meno yote. Alichukua maua, akatafuta chombo cha kuyaweka, hakipo, akayasimamisha kwenye jagi la kupimia mchele. Kisha, bila kukunja hata ngozi ya uso, akaanza kuongea Kiswahili.

"Fundi. Hawa ni nani?"

"Tabasamu kwanza."

"Natabasamu. Ni nani?"

"Huyu bosi wangu. Yule wa chini."

"Nani kawaita?"

"Hakuna. Nilisema karibu tu."

"Ukawaambia karibu watu wa huku? Miaka yote hii unaishi hapa na hujui kwamba hawa ukiwaambia karibu wanakuja?"

"Nilidhani watasahau."

"Mtu amebeba kiti begani, Fundi."

Mama Mashuka akauliza kwa upole kama wamekuja mapema. Wote wawili wakasema hapana, hapana, kaeni. Fundi akakimbilia oveni. Kuku wa watu wawili akikatwa vizuri anaweza kuwa wa watu wanne, ila inabidi mkataji aende kinyume cha maumbile. Akatumia mkasi. Paja likawa vipande vitatu, kidari kikachambuliwa nyuzinyuzi kama pamba ya kochi, viazi vikahesabika kuwa mboga, na mayai sita yakachemshwa haraka yakakatwa nusu na kupangwa pembeni ili sahani ionekane ina watu.

Wakala. Yaani wageni walikula. Wenyeji walikuwa wanagombana. Lakini ugomvi wenyewe ulikuwa wa aina yake. Mkewe akimwongezea mzee kabichi, macho kwa mzee, tabasamu kwa mzee, maneno kwa mumewe.

"Nilitaka siku moja. Moja tu."

"Najua. Mpe na yai."

"Nampa. Jumatatu wanataka jibu, na leo tunalisha kijiji."

"Kwani jibu hulijui? Si ulishaamua?"

"Nani kakwambia nimeamua?"

"Mara ile ulikuwa umeamua."

Mkewe akamsogezea Mama Mashuka chumvi. Mama Mashuka akasema chakula ni kitamu sana na lugha yao ni laini, inapendeza kuisikiliza.

"Asante," mkewe akasema kwa lugha ya huko. Kisha kwa ile laini: "Mara ile ulisema twende. Ulicheka. Uliuza cherehani kwa mdomo wako mwenyewe."

"Ningesema nini na tiketi ziko mezani?"

"Ungesema hapana."

"Ungebaki?"

Mlango uligongwa tena na kufunguliwa kwa mkupuo mmoja. Alikuwa Kinyozi, mtu wa kwao, aliyekuwa akimnyoa Fundi tangu wafike. Kinyozi hakukaribishwa na yeyote. Watu wa kwao hawakaribishwi, wanatokea.

"Shemeji," akasema akivua viatu, "nimewasikia tangu ngazi ya kwanza. Na wewe, dada, hongera ya cheo, habari zimenifikia. Kuku bado yupo?"

"Yupo mgongo," Fundi akasema.

"Mgongo ndio kuku wenyewe. Endeleeni, msinijali, mimi nimekuja kula."

Kwa kukosa kiti alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Mama Mashuka, aliyeanza kuhisi jambo, akamuuliza Kinyozi wenzake wanazungumza nini. Kinyozi akatafuna, akameza.

"Chumvi," akasema. "Mmoja anasema imezidi, mwingine anasema hakuulizwa."

Mkewe alicheka kwa mara ya kwanza jioni hiyo, bila kutaka, akaziba mdomo kwa kiganja. Ukimya ukakaa mezani, na yule mzee, ambaye kwa kuishi peke yake alikuwa haogopi ukimya bali anauhurumia, akaona aujaze.

"Ninyi ni majirani wema," akasema. "Hamna kelele kabisa. Mwaka wote wa kwanza nilidhani anaishi mtu mmoja humu. Nasikia anatoka alfajiri. Anaingia mchana, anatoka hapo hapo. Anarudi usiku. Nikawa namsikitikia. Nikasema, huyu bwana au bibi halali, atakufa."

Mama Mashuka akacheka. Kinyozi akaacha kutafuna. Fundi alimtazama mkewe, na mkewe alikuwa ameshamtazama. Mzee alidhani kasema utani.

Fundi akaliweka chini yai lake.

"Huko wasimamizi wanapumzika lini?" akauliza. Kwa Kiswahili, lakini sauti ilikuwa nyingine.

"Jumamosi na Jumapili."

"Zote?"

"Zote. Msimamizi hafanyi wikendi. Ndio faida yake."

"Na usiku?"

"Wanalala kama watu."

Fundi akapiga mahesabu yake. Hapa walikuwa wanaonana kwa muda wa kuvua viatu. Kule, akiwa mbali kwa treni ya saa tatu, angemwona siku mbili nzima, amekaa, yuko macho. Ilikuwa hesabu ya kichaa: wakae mbali ili waonane. Aliipitia mara ya pili, ikatoka vilevile.

"Mimi sihamii," akasema.

Mkewe akashusha pumzi. "Basi nitawaambia hapana."

"Subiri. Umeniuliza?"

Mkewe aliweka uma chini. Wageni watatu walikuwa wanawatazama, mmoja akielewa kila neno na akijifanya anachunguza mgongo wa kuku. Akamgeukia mumewe kabisa, bila lile tabasamu la wageni.

"Fundi, nakuuliza. Niende?"

Swali hilo Fundi alilisubiri miaka, na lilipofika alitaka kulikalia kidogo, aone kama limejaa sawasawa au lina mashimo. Kinyozi, aliyekuwa ameapa kutoingilia, akasema, "Shemeji, chakula kinapoa."

"Nenda," Fundi akasema. "Mimi nabaki na nyumba na kazi. Nitakuja kila Ijumaa."

"Ijumaa una zamu. Na Jumamosi."

Hapo Fundi akamgeukia Mama Mashuka na kumuuliza, kwa lugha ya huko, na safari hii akikosea karibu kila neno, kama Jumamosi zake zinaweza kubadilishwa. Mama Mashuka alijifuta midomo. Kazini angesema atalifikiria. Lakini alikuwa amekula kidari cha mtu siku ya harusi ya mtu, na maua yake yako kwenye jagi la mchele. Akauliza kama ataweza kuchukua zile zamu za alfajiri za Jumatatu na Jumanne ambazo kila mtu anazikwepa. Fundi akasema ataweza. Na Ijumaa aingie asubuhi, atoke mchana? Atoke. Mama Mashuka akasema sawa, akaomba kiazi kingine, na kwa kuwa viazi vilikuwa vimekwisha Fundi akamkatia chake.

Mkewe aliandika jibu Jumatatu, wakati wa chai. Baada ya mwezi alihama na masanduku mawili. Zulia la mlangoni likabaki na viatu vya mtu mmoja, na mzee wa chini akaja kuuliza kama kuna aliyefariki.

Ijumaa ya kwanza Fundi alishuka kwenye treni na kuku mbichi kwenye mfuko. Chumba cha mkewe kilikuwa na jiko la plati nne, zote hai. Jumamosi asubuhi walikaa mezani, wakatazamana, na ajabu ni kwamba hawakuwa na la kusema. Wamezoea kusemezana wakiwa wameinama. Fundi alisifia pazia. Mkewe akamuuliza safari, akamjibu nzuri, akamuuliza tena baada ya muda, akamjibu nzuri. Walikuwa na adabu kama watu waliopelekwa kuchumbiana. Fundi akaanza kuwaza kwamba pengine kosa halikuwa zamu.

Kisha mkewe, ili tu kuziba, akamtaja mzee mmoja wa kule kazini kwake kwa zamani, aliyekuwa kila asubuhi anakataa kuvaa soksi mpaka aambiwe treni yake imefika kituoni.

"Treni gani?"

"Hakuna treni. Alikuwa mwalimu wa hesabu. Sikukusimulia?"

"Lini ungenisimulia?"

Mkewe alifikiri. Akavuta kiti karibu, akakunja miguu juu yake, akaanza tangu siku ya kwanza alipomkuta mzee huyo amejificha nyuma ya pazia na viatu mkononi. Ilikuwa habari ya miaka miwili, ndefu, yenye watoto wa mzee waliogombea saa ya ukutani na mpishi aliyempenda kwa siri. Fundi hakujua hata mmoja wao. Aliuliza, akarudishwa nyuma, akauliza tena. Walipokumbuka kula, ilikuwa saa tisa, na kuku alikuwa bado kwenye mfuko, ndani ya friji.